Kabla ya Msingi Kuchimbwa: Wananchi na Usanifu wa Shule za Msingi

Jengo la shule ya msingi huishi kuliko mtaala uliokuwa ukifundishwa siku lilipofunguliwa. Darasa linalojengwa leo kwa tofali na saruji hutarajiwa kutumika kwa miaka 40 au zaidi, na mtoto anayeingia humo akiwa na miaka sita atakuwa bado anafanya kazi miaka 50 baadaye, katika ajira na hali ya hewa ambazo leo hakuna awezaye kuzieleza kwa uhakika. Mahali pa dirisha, urefu wa dari, upana wa mlango na umbali wa choo huamuliwa mara moja tu, kisha vizazi kadhaa vya wanafunzi hubaki navyo. Ndiyo maana suala la nani ashirikishwe katika uamuzi huo, na katika hatua ipi, lina uzito unaokaribia ule wa fedha za ujenzi.

Afrika Mashariki haina upungufu wa wananchi wanaojitolea kujenga shule. Upungufu uko mahali pengine. Wananchi huitwa ramani ikiwa imekwisha pitishwa, waje na nguvu zao, mchanga wao na michango yao. Rai yao kuhusu jengo lenyewe huombwa mara chache. Miradi kadhaa duniani, hasa ule wa kijiji cha Gando nchini Burkina Faso, imeonyesha kwamba wananchi wakiingia mapema, wakati ramani bado inabishaniwa, shule hupata jengo linalofaa zaidi na kijiji hubaki na ujuzi wa kuliendeleza.

Nguvu nyingi, rai kidogo

Nchini Tanzania, Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka elimu ya msingi kwa wote ifikiwe kabla mwaka 1977 haujaisha. Vijiji vilifyatua matofali, vikayachoma, vikainua madarasa na nyumba za walimu kwa kujitolea. Nchini Kenya, mwito wa harambee uliotolewa na Jomo Kenyatta wakati wa uhuru ulizaa shule nyingi, hasa za sekondari, zilizojengwa kwa michango ya wananchi. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza Tanzania mwaka 2002, ulikwenda hatua moja mbele: fedha za ujenzi zilipelekwa kwenye akaunti za shule, na kamati za shule zikapewa kazi ya kuzisimamia.

Kila mara milango ya shule ilipofunguliwa, madarasa yalielemewa. Kenya ilipofuta ada Januari 2003, wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 ndani ya mwaka mmoja. Tanzania nayo iliona ongezeko kubwa la waandikishwaji ilipoanza elimu bila ada Januari 2016, na kiwango cha wanafunzi 45 kwa chumba kimoja kikawa hakifikiwi katika shule nyingi. Mafuriko ya namna hii huleta haraka, na haraka huleta ramani moja ya kutumika kila mahali, kuanzia joto la Lindi hadi baridi ya Makete.

Mwaka 2021 na 2022 serikali ya Tanzania ilijenga madarasa 15,000 kwa fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19, kwa Sh milioni 20 kwa kila darasa. Kati yake 3,000 yalikuwa ya shule shikizi, yaani shule ndogo zilizo chini ya shule mama. Kazi ilifanywa kwa utaratibu unaojulikana mitaani kama fosi akaunti, ambapo mafundi wa eneo husika hutumika badala ya makandarasi wakubwa, na kamati za wananchi husimamia ununuzi, mapokezi ya vifaa na maendeleo ya ujenzi. Utaratibu huo uliwapa wananchi jicho la kuangalia saruji na nondo. Lakini hata pale kamati zilipofanya kazi nzuri, swali lililowafikia lilikuwa namna ya kujenga kilichokwisha chorwa.

Ushahidi wa wananchi na wataalamu kutokaa pamoja huonekana pia katika maboma, yaani majengo ambayo wananchi huyainua kwa nguvu zao hadi usawa wa lenta, kisha wakasubiri halmashauri iyapaue na kuyamalizia. Boma linaweza kukaa miaka likipigwa na mvua. Wakati mwingine kuta zake huwa zimeinuliwa mahali ambapo mhandisi asingepakubali, au kwa vipimo visivyolingana na viwango, kwa sababu wananchi na wataalamu hawakukaa meza moja mwanzoni. Nguvu ya kijiji inakuwa imetumika na darasa bado halipo.

Ngazi za kushirikishwa

Mwaka 1969 mtaalamu wa mipango wa Marekani, Sherry Arnstein, aliupanga ushiriki wa wananchi katika ngazi yenye vipandio vinane. Chini kabisa aliweka hali ambayo watu hukusanywa ili waridhishwe tu. Katikati kuna kupewa taarifa na kuombwa maoni yasiyokuwa na uhakika wa kufanyiwa kazi. Juu kuna ubia na wananchi kushika uamuzi wenyewe. Mwaka 1992 Roger Hart, katika kazi aliyoifanya kwa ajili ya UNICEF, alitengeneza ngazi kama hiyo kwa watoto, akaonyesha jinsi ilivyo rahisi kuwatumia watoto kama mapambo ya mkutano bila kuwapa nafasi ya kusema lolote la maana.

Kwa kipimo hicho, kubeba mawe na kutoa Sh 5,000 kwa kila kaya si ushiriki wa juu, hata kama kazi yenyewe ni nzito. Mkutano wa kijiji unaosomewa ramani iliyokamilika uko kwenye kipandio cha kupewa taarifa. Sheria zenyewe zinataka zaidi ya hapo. Ibara ya 12 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 inampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, na Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inatambua haki hiyo ya kutoa maoni. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeweka ushirikishwaji wa wananchi kuwa mojawapo ya tunu za taifa. Shule ni miongoni mwa mambo yanayomhusu mtoto kila siku ya juma.

Chumba chenyewe hufundisha

Wapo wanaoona kwamba mjadala wa dirisha na dari ni anasa pale ambapo watoto bado wanasomea chini ya mti. Utafiti mmoja mkubwa unapima jambo hilo. Mwaka 2015 timu ya Chuo Kikuu cha Salford nchini Uingereza, ikiongozwa na Peter Barrett, ilitoa matokeo ya uchunguzi wa madarasa 153 katika shule za msingi 27, ukihusisha wanafunzi 3,766. Baada ya kutenganisha mambo mengine, watafiti waliona kwamba sifa za chumba cha darasa zinaeleza takriban asilimia 16 ya tofauti za maendeleo ya wanafunzi kwa mwaka katika kusoma, kuandika na hisabati.

Karibu nusu ya athari hiyo ilitokana na mambo ya asili: mwanga, hewa na joto. Robo nyingine ilitokana na kiasi cha rangi na mapambo, ambacho hakitakiwi kuzidi wala kupungua. Robo iliyobaki ilihusu jinsi chumba kinavyoweza kubadilishwa kulingana na kazi, na jinsi watoto wanavyokiona kuwa ni chao. Aidha, chumba ambamo mtoto anashinda kilikuwa na uzito mkubwa kuliko ukubwa wa shule au vyumba vyake maalumu. Hali ya hewa ya Uingereza si ya Dodoma wala Kisumu, hivyo asilimia hizo haziwezi kuhamishwa zilivyo. Mambo yenyewe yaliyopimwa, hata hivyo, yanajulikana na kila mwalimu aliyewahi kunyamaza katikati ya kipindi kwa sababu mvua imeanza kupiga bati lisilo na dari.

Mahitaji ya kesho

Shule iliyo tayari kwa siku zijazo hutambulika zaidi kwa uwezo wake wa kubadilika kuliko kwa wingi wa kompyuta. Mtaala wa umahiri ulioanza kutumika Kenya mwaka 2019 katika madarasa ya mwanzo, na mitaala mipya iliyoanza Tanzania Januari 2024, inataka wanafunzi wafanye kazi kwa vikundi, wajaribu, watengeneze vitu na wawasilishe walichokipata. Chumba kilichojazwa madawati mazito ya watoto watatu watatu, yote yakitazama ubaoni, kinamlazimisha mwalimu kurudi kwenye kuhutubia.

Mifumo nayo hubadilika. Mwaka 2023 Kenya iliweka wanafunzi wa kwanza wa gredi ya saba ya mfumo mpya ndani ya shule za msingi, na shule nyingi zikajikuta zinatafuta maabara katika viwanja ambavyo havikuwahi kupangiwa. Tanzania, kupitia Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeamua kuipunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita. Shule yenye mpango wa eneo lake lote, unaoonyesha mahali jengo lijalo litakapokaa na vyumba vinavyoweza kuunganishwa au kugawanywa, huhimili mabadiliko kama hayo kwa gharama ndogo.

Kuna pia joto linaloongezeka, mvua zinazokuja kwa vishindo, watoto wenye ulemavu ambao zamani walibaki nyumbani, na wasichana wanaohitaji mahali pa kujisitiri. Viwango vya Tanzania vinataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, lakini tundu lililo mbali, lisilo na maji wala komeo, huhesabiwa katika takwimu huku likikwepwa na wanaolengwa. Hapo ndipo maarifa ya wananchi yanapokuwa sehemu ya usanifu: wao ndio wanaojua kipi kinatumika na kipi kinakwepwa.

Gando: kijiji kilichobishana na udongo

Gando iko kusini mashariki mwa Burkina Faso, karibu na mji wa Tenkodogo, takriban kilomita 200 kutoka Ouagadougou. Diébédo Francis Kéré alizaliwa huko mwaka 1965, mtoto wa kiume wa kwanza wa mkuu wa kijiji, na alikuwa wa kwanza katika jamii yake kupelekwa shule. Kijijini hakukuwa na shule, hivyo akiwa na miaka saba alipelekwa Tenkodogo. Darasa lake la kwanza lilikuwa la tofali za saruji, halina hewa wala mwanga wa kutosha, na lilibeba zaidi ya watoto 100. Mwaka 1985 alipata ufadhili wa kujifunza useremala Ujerumani, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin kusomea usanifu majengo. Mwaka 1998, akiwa bado mwanafunzi, alianzisha chama cha kuchangisha fedha kwa ajili ya shule ya kijijini kwao.

Kéré alitaka kujenga kwa udongo, ambao ulikuwapo kijijini bila malipo. Wanakijiji walikataa. Hoja yao ilikuwa nzito: walikuwa wameishi katika nyumba za udongo maisha yao yote na waliziona zikimomonyoka msimu wa mvua. Kwao shule ya kweli ilikuwa ya saruji, kama zile za mjini, na kijana aliyesoma Ulaya hakupaswa kurudi na kitu wanachokijua tayari. Mchoro wa karatasi usingeweza kumaliza ubishi huo mbele ya watu wengi ambao hawakuwahi kusoma ramani.

Ubishi huo ndio ulioipa shule umbo lake. Hofu ya mvua ilijibiwa kwa mambo matatu. Udongo ulichanganywa na kiasi kidogo cha saruji na kushindiliwa kwa mashine ya mkono, ukatoa tofali gumu zaidi kuliko lile la kawaida. Kuta ziliwekwa juu ya msingi imara. Na paa la bati likatandazwa pana, likavuka kuta pande zote ili maji ya mvua yasizifikie. Wakala wa serikali ya Burkina Faso uitwao LOCOMAT ulisaidia kuwafundisha wafyatuaji wa kijijini. Wanakijiji waliamini walichokishika kwa mikono yao: tofali lililokauka mbele yao, ukuta wa majaribio, dari iliyobeba uzito wa watu.

Joto lilipata jibu lake kwa namna hiyo hiyo. Bati likikaa moja kwa moja juu ya darasa hugeuza chumba kuwa tanuri. Huko Gando, dari ilitengenezwa kwa tofali zilizopangwa juu ya nondo, nalo bati likainuliwa juu yake kwa fremu za nondo nyembamba. Hewa ya moto hutoka kwa juu kupitia mianya ya dari, na upepo unaopita kati ya dari na bati huiondoa, huku hewa iliyo baridi zaidi ikiingia kupitia madirisha. Fremu za paa zilibuniwa ziweze kutengenezwa hapo hapo kwa msumeno wa mkono na mashine ndogo ya kuchomelea, ili vijana wa kijiji wajifunze kuziunda bila kusubiri kreni wala kiwanda.

Kazi iligawanywa kwa namna iliyozoeleka kijijini. Watoto waliokota mawe ya msingi, wanawake walileta maji ya kufyatulia tofali, na wanaume walifyatua na kujenga. Madarasa matatu yalipangwa kwa mstari mmoja, yakiachiana nafasi zilizoezekwa ambazo ni mahali pa kusomea na kuchezea nje ya jua. Jengo lilikamilika mwaka 2001 kwa gharama ya takriban dola 30,000 za Marekani. Wote walioisimamia kazi hiyo walikuwa wenyeji wa kijiji.

Kilichofuata kinaonyesha faida ya mpangilio huo. Shule ilianza na wanafunzi wapatao 120, na baadaye walifikia 700. Nyumba za walimu zilijengwa, kisha mwaka 2008 madarasa zaidi yakaongezwa. Kwa ajili ya maktaba ya shule, wanawake walileta vyungu vya kawaida vya kijijini. Vilikatwa juu na chini vikapachikwa kwenye dari, na matundu yake yakawa njia ya mwanga na hewa. Vijiji viwili jirani vilijenga shule zao kwa kuiga jinsi Gando ilivyojipanga. Mamlaka za eneo zililipa walimu na zikajitahidi kuwaajiri vijana waliopata ujuzi pale katika miradi ya umma ya mji. Shule hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Pritzker, ambayo ni miongoni mwa heshima za juu kabisa za taaluma hiyo duniani.

Somo la Gando halimo katika udongo peke yake. Kama Kéré angewasikiliza wanakijiji kwa kuwatii tu, wangepata darasa la saruji lenye joto lile lile la Tenkodogo. Kama angewapuuza, wangejengewa shule wasiyoiamini. Mtaalamu alileta ujuzi wa hewa na uzito, kijiji kikaleta ujuzi wa mvua, na kila upande ulilazimika kuthibitisha dai lake.

Rudrapur: mapango ya kujisomea

Mfano wa pili uko katika kijiji cha Rudrapur, wilaya ya Dinajpur nchini Bangladesh. Kati ya Septemba na Desemba 2005, Anna Heringer na Eike Roswag, wote wa Ujerumani, wakifanya kazi na shirika la maendeleo la Dipshikha, walijenga shule ya METI yenye ghorofa moja kwa udongo na mianzi. Heringer aliwahi kuishi katika eneo hilo karibu mwaka mzima akijitolea alipokuwa binti wa miaka 19, kwa hiyo alikuja akijua mafundi na namna yao ya kujenga. Mafundi wa kijiji, walimu na wanafunzi walishiriki kuinua kuta.

Chini, nyuma ya madarasa, kuna mapango laini ya udongo ambamo mtoto anaweza kujibanza peke yake au na wenzake wachache ili asome. Juu, chumba cha mianzi kiko wazi kwa upepo na mwanga. Shule moja ina sehemu ya utulivu na sehemu ya mwendo, jambo ambalo mitaala ya leo inalidai na ramani za kawaida hulisahau. Mwaka 2007 nayo ilipata Tuzo ya Aga Khan.

Hatua za kushirikisha

Mambo yaliyofanikiwa katika miradi hiyo yanaweza kupangwa katika utaratibu unaoendana na vyombo vilivyopo tayari: kamati ya shule, mkutano mkuu wa kijiji au mtaa, mhandisi wa halmashauri, na kwa Kenya, bodi ya usimamizi ya shule iliyowekwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013.

Hatua ya kwanza ni kulitembelea eneo pamoja kabla ya kuchora chochote. Wazee wanajua maji ya masika yanapopita na ardhi inapotitia. Walio mwambao wanajua kaskazi na kusi huvuma kutoka wapi na katika miezi gani, habari inayotosha kuamua madirisha yaelekee wapi. Mtaalamu huongeza kanuni zake: karibu na ikweta, jengo refu hupokea joto kidogo likiwa na kuta ndefu upande wa kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi. Kanuni na uzoefu vikigongana, hapo ndipo penye mazungumzo ya maana.

Hatua ya pili ni kuwasikiliza watumiaji kwa makundi. Mkutano mmoja wa hadhara huwapa nafasi wenye sauti kubwa. Wanawake, vijana, walimu, wazazi wa watoto wenye ulemavu na wanafunzi wenyewe wanahitaji vikao vyao, kwa saa zinazowafaa. Watoto hueleza vizuri zaidi kwa kuchora na kuonyesha: wanaombwa wachore shule yao, waweke alama mahali wanapopapenda, wanapopaogopa na wanapokimbilia jua likiwa kali. Mtoto anayetumia kiti mwendo akipita njia yote kutoka lango hadi choo, mlango mwembamba na ngazi isiyo na mteremko hujulikana kabla fedha hazijatumika.

Hatua ya tatu ni kuifanya ramani isomeke. Vigingi na kamba vinatosha kuonyesha chumba kwa ukubwa wake halisi juu ya ardhi. Watoto 45 wakiingia ndani ya kamba hizo, kila mtu ataona kama wanatosha kukaa kwa vikundi. Mfano mdogo wa boksi au udongo unaweza kuonyesha paa na madirisha. Ukuta mmoja wa majaribio unaweza kujibu swali la tofali. Kwa Tanzania, tofali za kufungamana zilizokwisha kusambazwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi zinafaa kwa jaribio kama hilo, kwa kuwa hazihitaji kuchomwa kwa kuni na hutumia saruji kidogo katika kujengea.

Hatua ya nne ni kuweka gharama mezani. Wananchi wakijua kwamba dari, kibaraza na tanki la maji vina bei fulani, wanaweza kupanga kipaumbele kwa haki. Hesabu nyingine ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ya paa hutoa lita moja ya maji. Paa la meta za mraba 300 mahali panapopata milimita 550 kwa mwaka, kiasi kinachokaribia wastani wa Dodoma, linaweza kupokea lita 165,000 kabla ya kutoa kinachopotea. Kijiji chenye shida ya maji kikiiona hesabu hiyo, mfereji wa paa na tanki huacha kuwa nyongeza na kuwa sehemu ya darasa.

Kibaraza nacho kina asili ya karibu. Nyumba za miji ya mwambao, kuanzia Lamu hadi Kilwa, zilijengewa baraza za mawe ukutani, mahali pa kupokea wageni, kuzungumza na kufundishana bila kuingia ndani. Kibaraza cha shule kikiongezwa upana na kujengewa viti ukutani, kikundi kimoja kinaweza kufanya kazi nje huku kingine kikibaki ndani, na mwalimu akawaona wote.

Hatua ya tano ni kutoa majibu. Kila pendekezo linaandikwa, na kwenye mbao za matangazo inabandikwa orodha ya yaliyokubaliwa, yaliyokataliwa na sababu zake. Pendekezo lililokataliwa kwa sababu inayoeleweka halivunji moyo kama lile lililopotea kimya kimya. Orodha hiyo huwa pia kumbukumbu ya kamati mpya, kwa kuwa wajumbe na walimu wakuu huhama.

Mipaka na hatari

Ushirikishwaji una gharama zake. Unachukua muda, na bajeti za serikali hufungwa Juni 30. Njia inayowezekana ni kuanza vikao mapema, wakati shule inapoingizwa katika mpango wa maendeleo wa kijiji, ili fedha zikifika ramani iwe tayari na inajulikana.

Mambo mengine hayapigiwi kura. Uimara wa msingi, unene wa nondo, kinga ya radi na njia za kutokea wakati wa moto ni kazi ya mhandisi, naye anabeba dhamana ya kitaaluma. Wananchi wanaweza kuchagua aina ya tofali. Hawawezi kuamua kwamba lenta haihitajiki. Kadhalika, matakwa ya leo hayawezi kuachwa yazibe nafasi ya kesho, kama vile kutumia kiwanja chote kwa madarasa na kuacha watoto bila uwanja wa michezo.

Hatari kubwa zaidi ni kutumia lugha ya ushirikishwaji kuhamishia mzigo kwa kaya maskini. Mama anayeacha shamba lake kubeba maji ya ujenzi analipa mchango usioandikwa popote. Kazi ya kujitolea inapaswa kuhesabiwa thamani yake katika makadirio, iwe ya hiari kweli, na mafundi wa kijiji walipwe. Mtoto asizuiwe kuingia darasani kwa sababu mzazi wake hakuchangia. Wenye ushawishi, nao, huweza kuvuta shule ielekee kwenye mashamba yao au zabuni iende kwa jamaa zao. Vikao vya makundi, kumbukumbu za maandishi na hesabu zilizobandikwa hadharani ndiyo kinga ya kwanza.

Baada ya ufunguzi

Usanifu haumaliziki utepe unapokatwa. Baada ya misimu miwili ya mvua, kamati ya shule, walimu, wanafunzi na mhandisi wanaweza kulipitia jengo tena: chumba kipi kina joto, dirisha gani halifunguki, choo gani kimeachwa, kona ipi watoto wameigeuza mahali pa kusomea bila kuambiwa. Majibu hayo yakifika halmashauri, ramani ya shule inayofuata inarekebishwa kabla haijasambazwa.

Matengenezo nayo hutegemea nani anajua jengo limejengwaje. Pale ambapo vijana wa kijiji wamejifunza kufyatua tofali na kuchomelea fremu, ufa mdogo huzibwa kabla haujawa mkubwa, na chumba cha nne cha darasa huongezwa kwa mpango ule ule. Kwa hiyo kipimo cha kamati inayotaka kujua imeshirikishwa kwa kiasi gani ni chepesi: iulize ni jambo gani kwenye ramani lilibadilika kwa sababu ya mwananchi, mwalimu au mwanafunzi. Kama hakuna hata moja, wananchi walitoa nguvu tu, na bado kuna nafasi ya kuwaita kabla ya jengo lijalo.